Upande wa Pili wa Kaseti ya Mahadi

Jumatatu, 1 Februari 1999

Kaseti ya kaka Mahadi imefika leo kwa mkono wa kondakta wa basi la Mombasa. Kwetu hakuna barua. Baba hasomi, Mama anasoma Kurani tu, kwa hiyo aliye mbali hurekodi sauti yake na kutuma kaseti, nasi tunarekodi majibu kwenye kaseti ile ile, juu ya maneno yake, na kuirudisha. Ndiyo adabu. Kumjibu mtu kwenye kaseti nyingine ni kama kuongea naye huku umempa kisogo. Na kumrudishia kaseti yake bila kuijibu ni kumkatalia alichoomba. Ami yangu wa Kinakomba alirudishiwa maneno yake hivyo mwaka mmoja, na hadi leo nyumba mbili hazisalimiani.

Tulikaa mbele ya redio wote: Baba, Mama, mimi na Hodan. Hodan ni binti wa mama mdogo na anaishi kwetu. Ni rika langu. Sauti yake inatosha watu watatu, yangu haitoshi mmoja.

Mahadi alisalimia kila mtu, kisha kila ng'ombe. Halafu akakohoa. Anataka kuoa. Msichana anaitwa Ramla, binti wa Mzee Adan wa Madogo. Mzee mwenyewe yuko Mombasa ameuza mifugo, na ataondoka Ijumaa ya wiki ijayo baada ya swala. Kabla ya kuondoka anataka kusikia idhini ya Baba kwa masikio yake, kwa sauti ya Baba mwenyewe. Asipoisikia, kuna mtu mwingine wa Madogo anayesubiri. Mahadi akasema tafadhali Baba usichelewe, wassalaam.

Mama alilia. Hodan alipiga vigelegele ndani ya sikio langu. Baba akasema atazungumza na wazee wa ukoo kwanza, kisha atajibu.

Katika furaha hiyo hakuna aliyezima redio. Na baada ya Mahadi kunyamaza, kaseti ikatoa gita. Gita moja tu, polepole. Halafu sauti ya mwanamume, karibu sana, kama mtu anayeongea peke yake dirishani. Aliimba kwamba amelikunja jina la mtu kama leso, ameliweka mfukoni, hajalifua.

Baba akazima. Akasema betri si za kulisha walevi.

Sikuweza kula chakula cha jioni. Mama alinigusa paji la uso kuona kama nina malaria.

Jumanne, 2 Februari

Baba alikwenda sokoni kwa ng'ombe, Mama kwa jirani, Hodan mtoni kufua. Nikafunga mlango. Nikaweka upande wa pili.

Upande wa pili Mahadi hakuugusa. Nyimbo zote zipo. Sijui niandikeje. Sauti yake haipandi. Kuna wimbo mmoja wa mtu anayengoja mto upungue ili avuke, na ukisikiliza unajua kwamba hata ukipungua hatavuka. Nililia mpaka leso ikalowa, na sijui nilimlilia nani.

Kwenye boksi la kaseti kuna karatasi iliyochorwa kwa mkono kisha ikatolewa fotokopi. Mtumbwi, mwezi, na jina: Kassim wa Kau. Chini yake pameandikwa kwamba amerekodi mwenyewe chumbani, na kwamba zimetolewa sabini tu, hazitatolewa nyingine. Sabini, duniani kote. Moja iko Garsen, mikononi mwangu. Shuleni nilikaa miaka minne bila mtu kunijua jina, na sasa mimi ndiye mtu pekee wa Garsen anayemjua Kassim wa Kau.

Kisha Hodan akaingia na beseni kichwani. Nilizima haraka. Aliuliza mbona macho mekundu. Nikasema vitunguu. Akatazama jikoni, akanitazama mimi, akasema leo tunakula wali mweupe.

Usiku huu ndipo nilipopata hofu yenyewe. Baba akijibu, ana maneno mengi. Akianza na mvua na malisho, upande wa kwanza hautamtosha. Atageuza. Atamfuta Kassim. Na hata asipomfuta, kaseti itarudi Mombasa.

Ningeweza kumwambia Baba: naomba nyimbo hizi. Nimejaribu kuifanyia mazoezi sentensi hiyo mbele ya kioo. Hata kioo nilikionea aibu.

Jumatano, 3 Februari

Nina mpango.

Mgongoni mwa kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Vikivunjwa, kitufe cha kurekodi hakishuki. Nilijifunza kwa mwalimu wa Kiingereza, aliyevivunja kwenye kaseti zake zote baada ya msichana mmoja wa kidato cha pili kurekodi dua juu ya somo la ufahamu.

Nimevivunja kwa kijiko. Vimetoka kwa sauti ndogo kama ya kuvunja korosho. Nimevitupa chooni ili kusiwe na ushahidi. Baba ataona redio haikubali, atasema basi, tutamtumia Mahadi salamu kwa mdomo wa kondakta. Hakuna anayeumia.

Alhamisi, 4 Februari

Wazee wamekubali. Baba alivaa kofia yake ya Ijumaa ili kurekodi, ingawa ni Alhamisi. Aliketi wima, akasafisha koo, akabonyeza. Kitufe hakikushuka. Akabonyeza kwa gumba. Akabonyeza kwa magumba mawili. Akauliza kwa upole nani ameharibu redio.

Hodan alisema Barwako, yaani mimi, ndiye anayeshinda nayo siku hizi. Nilitazama mkeka.

Sikutegemea kwamba Baba angekubali kushindwa na kila kitu isipokuwa mashine. Ameichukua redio kwa Nuh, fundi wa barabarani karibu na kituo cha basi. Nuh ameifungua yote. Nilipita kwa mbali na kuona matumbo yake yamemwagwa kwenye gunia. Anasema ataanza kesho kuangalia ilikuwa na nini.

Kwa hiyo sasa nina kaseti na sina redio. Nimeishika tu mkononi. Ukiinusa ina harufu ya sigara na karafuu.

Mama hali. Kila saa anauliza leo ni siku gani. Anasema mtoto anasubiri kule, na yule mtu mwingine wa Madogo hataenda kulala kungoja redio ya Garsen ipone.

Jumamosi, 6 Februari

Redio imerudi. Haikuwa na ugonjwa wowote. Nuh alijaribu kaseti yake ikarekodi, akamwambia Baba kwamba kosa liko kwenye kaseti yetu, bila shaka vijino vimevunjika, akamwonyesha dawa: kipande cha karatasi kinakunjwa na kuzibwa pale palipovunjika. Baba amefurahi kama aliyefundishwa uchawi. Alitembea nacho kile kipande cha karatasi kutoka kituoni kama tembe ya hospitali. Akasema baada ya alasiri tunarekodi, kila mtu afikirie salamu zake.

Nilikuwa na muda wa kati ya adhuhuri na alasiri. Nimefikiri haraka kuliko siku ya mtihani wa hesabu.

Hodan ana kaseti yake ya nyimbo za harusi, aliyoirekodi kutoka kwa mama mmoja hodari wa Hola. Jumatatu kuna shughuli ya wanawake kwa jirani, binti yao Ubah anaolewa, na Hodan ndiye ataongoza kuimba. Kaseti yake na ya Mahadi zinafanana, nyeusi kwa nyeusi. Nikabandua karatasi iliyoandikwa "Baba" kwenye kaseti ya Mahadi, nikaibandika kwenye ya Hodan kwa uji wa unga. Ya Hodan nikaiweka ndani ya boksi la Mahadi. Ya Mahadi, yaani ya Kassim, nikaiweka ndani ya boksi la Hodan, kwa muda tu, ili boksi lisiwe tupu. Kesho ningemtolea Hodan kaseti yoyote ya zamani na kumwambia pengine imejifuta kwa jua.

Baba alisikitika kidogo kuona vijino vipo na karatasi ya Nuh haina kazi. Alisema mashine nazo zina aibu, zikimwona fundi zinapona.

Alirekodi mpaka jua likashuka. Alijibu salamu za Mahadi moja moja. Alieleza ng'ombe gani amezaa na nani ameibiwa. Halafu akatoa idhini, kwa maneno mazuri mno, nikasahau kwamba mimi ni mwizi. Mwishoni kila mtu alisalimia. Hodan aliimba kabisa. Ilipofika zamu yangu nilisema "hujambo" nikakimbia.

Baba aliniambia niirudishe kaseti kwenye boksi lake vizuri, kwa sababu mimi ndiye mwangalifu wa nyumba hii.

Jumapili, 7 Februari

Kaseti ya Baba imeondoka asubuhi. Hodan ndiye aliyeipeleka kituoni. Nimefaulu. Mahadi ataoa, Kassim amebaki, hakuna aliyejua.

Lipo tatizo dogo. Boksi la Hodan liko ndani ya mkoba wa Hodan, na mkoba uko begani kwa Hodan. Leo ameshinda kwa kina Ubah akijiandaa kwa kesho. Nilimfuata. Nilijitolea kumbebea mkoba. Aliniuliza tangu lini nina huruma. Nilimwambia mkanda umemkata bega. Akasema bega ni lake.

Kesho atabonyeza kaseti ile mbele ya wanawake wote wa mtaa. Upande wa kwanza watamsikia Mahadi akiomba mke. Upande wa pili watamsikia Kassim. Sijui kipi kibaya zaidi. Wakimsikia Kassim, watampenda wote, na mimi nitakuwa mmoja katika kundi.

Jumatatu, 8 Februari

Nitaandika kwa utaratibu.

Nilifika kwa kina Ubah mapema nikaomba kazi. Nikapewa kupanga mikeka. Nilipopata nafasi nilitoa betri zote ndani ya redio yao na kuzificha kiunoni, chini ya kanga. Mpango ulikuwa mzuri. Redio haina betri, Hodan ataimba kwa kichwa chake, anaweza.

Lakini betri ni nzito. Nilitembea kama mwenye mimba. Mama mzazi wa Ubah alinitazama, akanong'ona na mwenzake, wakanitazama wote wawili. Na Hodan alipoona redio imekufa hakuhangaika hata kidogo. Alipiga kelele aletewe tochi za nyumba nzima. Wakatoa betri kwenye tochi.

Wanawake wamejaa. Bibi harusi ameketi, mikono ina hina. Hodan akasimama katikati, akajifunga kibwebwe, akainua mkono kama askari wa barabarani, akabonyeza.

Ikatoka sauti ya Baba.

"Mahadi mwanangu, mimi baba yako Godana nakusalimu."

Kisha bibi mmoja pembeni akaitikia salamu, akidhani Baba yuko mlangoni. Wengine wakavuta mitandio. Hodan alibonyeza kitufe kingine, sauti ikawa kubwa zaidi. Baba akaendelea na ng'ombe. Kisha akafika pale penye idhini, na wanawake wote wa mtaa wakamsikia akimwambia Mahadi kwamba siku alipomwoa Abdia, yaani Mama, watu walimcheka, walisema msichana mwembamba na mkali kama mwiba wa mgunga, na kwamba hajawahi kujuta hata siku moja ya kiangazi. Na kwamba mume mwenye akili hujifunza kunyamaza mke anapokuwa na haki, nayo ni kazi ya kila siku.

Vigelegele vilipasua paa. Mama alikuwa pale pale na sinia la tende. Alijifunika uso na mtandio mpaka kiunoni, na mabega yanacheka. Wakamzunguka, wakimwita mwiba, wakimwuliza dawa yake.

Mimi nilikuwa nimeganda. Maana kama sauti ya Baba iko hapa, basi kilichokwenda Mombasa ni nini?

Nasikia haya kuandika kwamba jina la kwanza nililolifikiria ni Kassim. La Mahadi lilikuja la pili.

Hodan alieleza mbele ya wote, akitokwa na jasho. Jana kabla ya kwenda kituoni alifungua boksi la Baba ili aingize kikaratasi cha kumwomba Mahadi mtandio wa rangi ya zambarau. Akaona kaseti ni yake, kwa sababu yeye huweka tone la rangi ya kucha kwenye mali zake zote. Akadhani mimi, niliyeambiwa nirudishe kaseti kwenye boksi, nimechanganya mbili. Akazibadilisha, akahamisha na ile karatasi ya "Baba", na hakuniambia kwa sababu alitaka kunificha aibu.

Alitaka kunificha aibu mimi.

Mama akaacha kucheka. Akaweka sinia chini. Alielewa kabla ya wengine. Mahadi ameletewa maneno yake mwenyewe, bila jibu. Ameambiwa hapana.

Wakati huo betri mbili zikanidondoka miguuni. Hakuna aliyejali.

Jumanne, 9 Februari

Baba hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa uani na kaseti ya Hodan mkononi akiigeuzageuza. Simu ya posta imekufa tangu mafuriko. Akasema hata akiituma kaseti hii leo, nani ataiamini? Mtoto amekataliwa jana, leo anapewa sauti kwenye kaseti ya harusi yenye rangi ya kucha. Mzee Adan atasema watu hawa wanacheza.

Akasema atakwenda mwenyewe.

Mama alidhani amesikia vibaya. Baba hajapanda basi tangu kabla ya mimi kuanza shule. Anasema kiti kinachokwenda bila wewe kukiamrisha si kiti. Kuhusu kujibu kwa kaseti, husema Mungu alitupa mashine ili ng'ombe wasikae peke yao.

Lawama zote zimemwangukia Hodan. Amekatazwa kwenda kwenye shughuli iliyobaki. Amepewa kuteka maji ya nyumba nzima peke yake. Ameteka bila neno, na Hodan asiye na neno ni kitu cha kutisha.

Nilikusudia kusema ukweli mara ya kwanza nilipompelekea Baba chai. Nikasema "Baba." Akasema "naam." Nikasema "sukari inatosha?" Mara ya pili nilipokuwa nampigia kanzu pasi, nikaiunguza kidogo upande wa nyuma. Sasa nina siri mbili.

Jumatano, 10 Februari

Baba ameondoka alfajiri. Alipanda basi akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili, akasoma dua iliyosikika mpaka kwa Nuh. Kondakta alimwambia mzee kaa, tunaondoka. Baba akamjibu atakaa basi likitulia. Likaondoka amesimama.

Ijumaa, 12 Februari

Leo ndiyo siku. Mama amewasha jiko na kulizima na kuliwasha. Hakuna habari yoyote. Swala ya Ijumaa imeisha, na Mombasa imeisha pia, kwa hiyo jambo limeshakuwa, zuri au baya, na sisi tumekaa hapa tunachambua mchele.

Namwona Mahadi akipokea kaseti. Anatoka kazini, anafunga mlango, anaketi juu ya gunia, anabonyeza ili amsikie Baba, anajisikia yeye mwenyewe akiomba. Nimelia. Safari hii najua namlilia nani.

Jambo jingine. Hodan alikuwa anatwanga mahindi leo, na huku anatwanga anaimba chini chini. Nikasogea. Ni wimbo wa Kassim, ule wa mto. Nilimuuliza kwa sauti kavu umeutoa wapi. Akasema si ule uliokuwa ukiusikiliza umejifungia, yeye alisimama dirishani na beseni mpaka ukaisha na mwingine ukaanza, ndipo akaingia. Akasema mtu yule anaimba kama amechoka lakini hataki kwenda kulala. Alisema vizuri. Alisema vizuri kuliko nilivyoandika mimi. Nikamchukia mpaka machweo.

Kisha nikakumbuka anateka maji kwa ajili yangu, nikambebea ndoo moja. Akaniuliza tena tangu lini nina huruma.

Jumapili, 14 Februari

Baba amerudi. Ameshuka basini kama shujaa, alikuwa ameketi kiti cha mbele na kondakta anamwita baba mkwe.

Alifika Mombasa akamkuta Mahadi hali wala hanywi. Alikuwa ameshamwambia Ramla kwamba jibu ni hapana, na kwamba yeye hataoa kinyume cha baba yake. Mzee Adan naye alikuwa ameshafunga mizigo, hataki hata kungoja Ijumaa. Baba aliingia na vumbi lake, na kanzu yenye doa la pasi mgongoni, akaketi mbele ya Mzee Adan akasema: nimekuja.

Walizungumza mpaka chai ikapoa mara nyingi. Mzee Adan alimwambia Baba kwamba kaseti angeisikiliza kwa heshima, kisha angekataa. Amechoka na wazee wanaotuma sauti na kubaki nyumbani na miguu yao. Lakini mtu aliyeacha ng'ombe wake na kupanda basi kwa ajili ya mwanawe, huyo atampa binti. Harusi ni baada ya Idi kubwa.

Mama alilia, Hodan akapiga vigelegele, mara hii nikaziba sikio kwa wakati.

Nimewaza jambo hili kwa makini. Kama nisingebadilisha kaseti, Hodan asingeibadilisha tena, Baba asingesafiri, na Mzee Adan angekataa. Kwa hiyo mpango wangu ndio uliomwoza Mahadi. Sioni pa kutubia. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia Baba ukweli, lakini sasa yangeharibu furaha ya watu.

Jumatatu, 15 Februari

Leo baada ya chakula Baba alituambia tukae. Uso wake haukuwa na kitu, si hasira wala kicheko. Akasema kaseti ile aliyorekodi Mahadi haikuwa ya Mahadi. Ilikuwa ya Ramla. Mahadi aliazima akasikilize, akakosa kaseti tupu, akarekodi juu yake. Ramla alipoipata tena mkononi aliona upande wa pili umesimama katikati ya wimbo, si pale alipouacha yeye, na Mahadi aliapa kwamba hakuugusa.

Kisha akauliza, polepole: ni nani katika nyumba hii aliyekuwa akijifungia na nyimbo za mwanamume huyu?

Nilijua huu ni mtego. Kwanza nyimbo, kisha atauliza vijino vimevunjwa na nani, kisha uji wa unga, kisha betri, kisha kanzu. Nilitazama mkeka. Mama alinitazama. Hodan alinitazama, na akafungua mdomo kusema, naye akisema husema kweli.

Nikawahi. Kwa mara ya kwanza maishani nimesema jambo kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Nilisema: "Ni Hodan."

Baba akatikisa kichwa akitabasamu. Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu. Akasema Ramla alinunua mbili kwa mkono wa mwimbaji mwenyewe. Moja Mahadi ameiharibu. Nyingine, nzima, pande zote mbili, anamtumia mtu huyo zawadi, awe dada yake, maana hajawahi kukutana na mtu mwingine anayezipenda nyimbo hizi.

Hodan alinitazama muda mrefu, mpaka nikaona joto masikioni. Kisha akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru Baba, akamwombea dua Ramla. Akasema atakuwa akiisikiliza uani, kwa sauti kubwa, ili na jirani wafaidike.

Ndipo ninapoandika sasa, nimeketi ukutani upande wa ndani, nasikiliza. Tayari wapo kina Ubah na wengine uani. Mmoja wao anauliza mwimbaji huyu ni wa nani, na Hodan anamjibu ni wake.

Ningeweza kutoka nje nikaketi nao. Kuna nafasi kwenye mkeka, naiona kupitia ufa.

Lakini nimewaza njia nzuri zaidi. Nuh ana kaseti kuukuu nyingi ndani ya debe, na nyingi ni nyeusi. Kesho nitakwenda kwake kutafuta moja inayofanana na hii, ya kuweka ndani ya boksi kwa muda tu.